Jalada la Zimwi Lililobisha Hodi Mchana

Stoo ya Vielelezo
4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya askari wote wa kituo hiki pamoja na karani na mfagiaji, natangaza kifo cha birika la umeme la ofisini, kilichotokea jana saa nne asubuhi mbele ya mashahidi watano wenye vikombe mikononi. Marehemu alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Chanzo kinachunguzwa, ingawa vidole vyote vinaninyooshea mimi, kwa kuwa ndiye niliyeliwasha bila maji. Nimekana shtaka.

Baada ya msiba huo, salamu. Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Meno yake ya mbele yameota, au bado anapiga mluzi kila akisema neno lenye "s"? Mimi sijambo kwa kiasi changu. Magoti yanalalamika kwenye ngazi. Tumbo huingia ofisini kabla yangu na kupigiwa saluti. Miwani sasa ninayo miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kuutafutia huo wa kusomea.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuambia tumeletewa Mkaguzi mpya. Ni binti wa rika lako, mchapakazi hadi anatutia aibu. Ameamuru kwamba kabla sijastaafu mwezi wa sita, kila jalada lililo wazi kwenye stoo yangu lifungwe au litolewe maelezo. Basi tumekuwa tukipita rafu kwa rafu. Juzi akavuta moja kutoka rafu ya chini kabisa, akapuliza vumbi, akasoma kwa sauti mbele ya watu:

"Mtuhumiwa: Zimwi. Makazi: pangoni. Kazi: kula watu. Kosa: kumchukua mama wa mtoto, kisha kurudi mchana kubisha hodi kwa sauti ya mama huyo."

Akanitazama. "Mzee, hii ni nini?"

"Afande," nikamwambia, "hiyo ni kesi ngumu."

Ndiyo, mwanangu. Ni lile jalada letu. Nililifungua kwa fomu halisi za serikali, nikalipatia namba halisi kutoka kwenye rejista, kwa sababu ulikataa katakata namba ya uongo. Ulikuwa na miaka sita na tarakimu ulishazijua. Tulipohamia huku nikalibeba, likapokelewa kwa sahihi na muhuri. Tangu hapo kila mwaka karani anahesabu majalada, analikuta lina namba, anaandika: "Upelelezi unaendelea." Umeendelea miaka ishirini na saba. Hakuna zimwi lililopelelezwa kwa subira kama hilo.

Maelezo yako yamo ndani, ukurasa mmoja kwa mwandiko wangu, na chini yake alama ya dole gumba lako, dogo kama punje ya hindi. Na kielelezo A kimo kwenye mfuko wake: viatu vya mtoto, vyekundu, jozi moja, "vilivyoachwa mlangoni na mtuhumiwa."

Utaratibu wetu unataka shahidi akubali kwa maandishi kwamba hana la kuongeza, ndipo nilifunge. Niandikie mstari mmoja tu: "Mimi, Shahidi Namba Moja, sina pingamizi." Mkaguzi atacheka, muhuri utagongwa, nami nitaondoka na rafu tupu.

Hapa nyumbani ni kimya. Nimeanza kuiaga redio ninapotoka asubuhi.

Ni mimi,
Baba yako

*

26 Februari

Shikamoo Baba,

Pole kwa msiba wa birika. Mwambie Mkaguzi mtuhumiwa ana historia: nyumbani aliua sufuria tatu na pasi moja. Niko tayari kupanda kizimbani.

Sisi hatujambo, ila baridi tu. Mjukuu wako ameota meno mawili makubwa kama milango, anakusalimu, na anauliza kama babu bado ana pingu. Unatumia dawa yako ya presha, au unaipangia foleni kama majalada?

Kazi yangu ni ile ile ya kupima masikio. Wiki jana nilimwekea bibi mmoja kifaa. Alikuwa hajasikia vizuri kwa miaka tisa. Nilipokiwasha, binti yake aliyekuwa amesimama nyuma yake akasema, "Mama." Bibi hata hakugeuka. Alisema tu, "Umekonda." Kwa sauti tu, Baba, alijua amekonda. Na kweli alikuwa amekonda. Nikaenda kusimama mbele ya kabati la betri, nikajifanya natafuta kitu.

Kuhusu jalada, nilicheka mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini. Nikamweleza. Akataka hadithi yenyewe. Nikaanza: Zimwi likamchukua mama, baba akamwambia mtoto, usifungue mlango hata ukisikia sauti ya mama, kwa maana Zimwi linajua kuiga. Nilipofika pale linapobisha hodi, mtoto akaniuliza, "Alijuaje kwamba siye mama yake?"

Hadithi ikaishia hapo, Baba.

Ninavyokumbuka mimi, ilikuwa mchana, nimetoka shule, wewe uko kazini. Nilikuwa chini ya kitanda nimekumbatia buti lako moja. Sauti ikaita kwa muda mrefu sana. Iliniita Kifungo. Hakuna mwingine duniani aliyewahi kuniita Kifungo. Ni mama tu, kwa sababu nilikuwa nachezea vifungo vyake anaposhona. Ulipokuwa unaandika maelezo yangu nilikuambia hivyo. Nataka kujua kama uliandika.

Nilipofika miaka kumi na tano uliniambia Zimwi halipo, mama aliondoka kwa miguu yake na hakurudi. Nikakubali. Nimeishi miaka kumi na minane nikijua kwamba mama yangu hakurudi. Lakini kama Zimwi halipo, nani alibisha hodi?

Kwa hiyo Shahidi Namba Moja ana pingamizi. Swali ni moja tu, Afande: sauti ile ilikuwa ya nani? Peleleza, kisha nitatia sahihi.

Mwanao

*

15 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini nyote ni wazima wa afya. Mimi naendelea vizuri na dawa nimekunywa leo, karani ni shahidi.

Ripoti ya upelelezi ni kama ifuatavyo. Mtuhumiwa alihojiwa jana. Alikana. Anadai siku ya tukio alikuwa pangoni akiumwa jino, na daktari wake anaweza kuthibitisha. Alipoulizwa kuhusu viatu vyekundu alicheka, akasema yeye huvaa namba hamsini na mbili.

Tukisema kwa uzito kidogo, pale mtaani watu wengi walikuwa wakibisha hodi mchana. Kulikuwa na yule muuza mafagio mwenye sauti nyembamba. Kulikuwa na jirani wa ghorofa ya chini aliyependa kuazima chumvi. Na shahidi mwenyewe alikuwa na miaka sita, chini ya kitanda, buti sikioni. Wakili yeyote angemtafuna kwa dakika mbili.

Hilo neno Kifungo nimelitafuta kwenye maelezo yako. Halimo. Hutokea hivyo kwa mashahidi, si kosa lako. Kumbukumbu hushona viraka vyake yenyewe miaka ikipita. Nimeona watu wazima wakiapa kwamba gari lilikuwa jekundu, kumbe jeupe.

Tia sahihi tu, mwanangu, tulipumzishe hili zimwi la watu. Limezeeka nalo. Mwambie mjukuu wangu pingu ninazo, ila ufunguo ndio sijui niliuweka wapi.

Baba yako

*

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Natumaini nawe u mzima.

Zamani, ulipokuwa ukinisimulia kazi yako mezani, uliniambia mtu asiyejua kitu hujibu kwa ufupi, lakini anayejua na hataki kusema huleta wahusika wengi. Katika barua yako nimehesabu Zimwi, daktari wa meno wa Zimwi, muuza mafagio, jirani wa chumvi na wakili.

Nilisema Kifungo. Nilikuwa nimekaa juu ya meza, miguu inaning'inia. Ulikuwa unaandika haraka, na niliposema neno lile kalamu ilisimama. Nakumbuka kwa sababu niliitazama, nikadhani wino umekwisha. Kisha ukaendelea.

Sitaandika tena mpaka upelelezi ukamilike. Mtoto nimemwambia hadithi bado haina mwisho.

Mwanao

*

29 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo.

Birika jipya limefika. Linajizima lenyewe maji yakichemka, kwa hiyo sina tena kazi ya maana hapa kituoni.

Nimepita kwenye sanduku la barua Jumatatu, Jumatano na leo. Mlinzi wa posta ananiita mpenzi wa sanduku. Nikamwambia nina binti anayeandika barua ndefu sana, ndiyo maana zinachelewa. Akasema, "Ya huyu basi itakuwa kitabu."

Jumapili nilipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, nikala cha kwanza nikiwa mezani na cha pili nikiwa nimesimama.

Jalada liko kwenye meza yangu. Mkaguzi hajaniuliza tena. Kila akipita analitazama, kisha ananitazama, kisha anasema, "Habari za asubuhi, mzee." Hata ikiwa mchana.

Baba yako

*

3 Juni

Mwanangu,

Natumaini mnaendelea salama.

Nimeomba likizo ya siku nne. Mkaguzi aliniuliza ni kwa ajili ya nini. Nilisema upelelezi. Akaweka sahihi bila kucheka.

Baba

*

1 Julai

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta wewe na mtoto mkiwa wazima. Mimi nina afya. Nimestaafu jana. Leo sina tangazo.

Sauti ile ilikuwa ya mama yako.

Ninayoandika hapa chini nayatoa kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa chochote. Maneno hayo nimewasomea watu wengi kabla hawajaanza kusema. Leo nimejisomea mwenyewe.

Mama yako alikuwa fundi cherehani, hilo unalijua. Aliondoka Jumatatu asubuhi ukiwa shule. Hapakuwa na ugomvi wa kusimulia. Mimi nilikuwa mtu wa kumaliza vichekesho vyote kituoni, kisha naleta nyumbani kinywa kilichochoka. Alivumilia miaka saba kukaa na mtu anayekula, anakunja gazeti na kulala. Asubuhi ile aliniambia anakwenda kutafuta kazi na chumba, na akipata chumba atakuja kukuchukua, nami nitakuona wakati wowote nitakapo. Sikumjibu. Nilidhani atarudi kabla ya jioni.

Ulipotoka shule ukauliza mama yuko wapi. Sikuweza kusema ameondoka, kwa kuwa swali lako la pili lingekuwa "kwa nini", na jibu lake nilikuwa nalijua. Nikasema Zimwi limemchukua. Lilinitoka kama mzaha. Ukaamini, na mimi nikaona jinsi ilivyo rahisi.

Ile sehemu ya Zimwi kuiga sauti ya mama haikuwamo kwenye hadithi niliyosimuliwa mimi nikiwa mtoto. Niliitunga mwenyewe, jikoni, nikikuoshea kikombe. Nilikuwa nimewaza kwamba akija nikiwa kazini na kukuita, utafungua na utakwenda. Kwa hiyo nikakuwekea kufuli pale ambapo yeye hakuwa na ufunguo wake.

Alikuja wiki ya tano, Alhamisi, saa tisa mchana. Jirani wa ghorofa ya chini alinieleza. Alibisha na kuita karibu saa nzima. Alikuita Kifungo. Mwishowe akaacha viatu mlangoni akaenda.

Niliporudi ulitoka chini ya kitanda mbio. Ulisema, "Baba, sikufungua!" Ulikuwa unatetemeka na ulikuwa unasubiri usifiwe. Nikakusifu. Nilikuinua nikakuweka juu ya meza, nikasema wewe ni askari hodari kuliko wote. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Kisha nikatoa fomu, kwa sababu hukuacha kutetemeka na nilijua karatasi hukutuliza. Ulisema Kifungo. Kalamu ilisimama, kama unavyokumbuka. Nikaliruka neno. Na mwezi wa tatu mwaka huu nikakuandikia kwamba kumbukumbu yako ndiyo yenye viraka. Kosa la kwanza nililifanya nikiwa kijana mwenye hofu. Hili la pili nimelifanya nikiwa mtu mzima mwenye miwani miwili, na sina la kujitetea.

Ndani ya kiatu cha kushoto kulikuwa na karatasi. Ilikuwa na anwani ya chumba chake, na maneno haya: "Jumamosi nitakuja tena. Tafadhali uwepo tuzungumze kwa utulivu. Hivi vitamtosha hadi mwisho wa mwaka."

Ijumaa asubuhi niliomba uhamisho. Niliandika kwamba familia yangu inatishiwa na mtu. Askari akisema hivyo haulizwi mara mbili. Jumamosi saa sita mchana tulikuwa kwenye lori pamoja na vitanda. Ulikaa mapajani kwangu ukauliza, "Zimwi linaijua njia ya huko tunakokwenda?" Nikasema halijui. Katika wiki ile, hilo ndilo neno pekee la kweli nililokuambia.

Mama yako alikwenda kwenye kituo cha zamani mara tatu kuuliza tulikohamia. Mwenzangu wa kaunta alimfukuza mara zote tatu. Alinisimulia baadaye akicheka, nami nikacheka naye.

Hakuacha kurudi, mwanangu. Alizuiwa kurudi. Ulipofika miaka kumi na tano na kuniuliza, nilikuwa na nafasi ya kusema hivyo. Nikachagua uongo mwingine, wenye heshima zaidi kwa umri wako.

Karatasi ile sikuitupa. Niliibandika nyuma ya maelezo yako, ndani ya jalada. Mazoea ya kazi. Bila shaka Mkaguzi aliiona siku ile ile ya kwanza. Nilipomwambia nataka likizo ya upelelezi alisema tu, "Mzee, hilo jalada halijawahi kukosa mtuhumiwa."

Nilisafiri na ile karatasi. Nyumba iliyoandikwa haipo tena, pamekuwa ghala la rangi. Nikaanza kuuliza kwa mafundi cherehani, duka kwa duka, kama nilivyofundishwa. Watu hawapendi mzee mwenye tumbo anayeulizia mwanamke. Siku ya tatu muuza vitambaa mmoja akaniuliza, "Yule mama wa sare za shule?" Akanionyesha jengo. Ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Nilipanda nikipumzika kila baada ya ngazi tano. Cherehani ilikuwa inakimbia ndani. Nikabisha hodi.

"Nani?"

Nilikuwa nimekaa miaka ishirini na saba bila kuisikia sauti ile, na niliijua kabla neno halijaisha. Nikasema ni mimi. Cherehani ikasimama.

Kisha akauliza, "Yu hai?"

Nikasema yu hai, yuko mbali, anapima watu masikio, ana binti wa miaka sita. Nilisikia kiti kikisogezwa. Alikuja hadi mlangoni, nikaona kivuli cha miguu yake kwenye uwazi wa chini.

"Miaka sita," alisema.

Nikamwomba afungue, nina mengi ya kumweleza. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, na moja lilikuwa na kichekesho ndani yake. Akasema, "Hapana. Wewe sikufungulii. Mwambie aje yeye. Mwambie asibishe, aite tu."

Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii, kwa herufi kubwa, nikaihakiki mara mbili.

Jalada nimelifunga mwenyewe. Kwenye nafasi ya mtuhumiwa nilikata neno Zimwi nikaandika jina langu, na kwenye maelezo yako nikaongeza pembeni neno nililoliruka, nikatia sahihi na tarehe ya jana. Mkaguzi alisoma yote akiwa amesimama. Aligonga muhuri, akanipa fomu ya kutoa kielelezo A. Viatu nakutumia pamoja na barua hii. Ngozi imekauka kidogo, ipake mafuta. Vitamtosha mtoto hadi mwisho wa mwaka.

Sahihi yako siihitaji tena. Wala sikuombi unijibu. Ulitaka kujua yaliyotokea, nami nimeandika yote ninayoyajua isipokuwa moja, nalo ni dogo.

Nilishuka ngazi moja moja, nimeshika ukuta. Nilipofika chini nikasimama pale penye masanduku ya barua ya wapangaji, nikingoja kusikia cherehani ikianza tena. Nilikaa pale mpaka watoto wa shule wakapita wakirudi nyumbani. Haikuanza.

Baba yako